Simu Ndani ya Kochi

Jumatatu, 2 Juni
Usingizi umenipa talaka. Jana niliposti picha ya kiti nilichokivalisha kitambaa kwa mikono yangu mwenyewe. Laiki tatu. Mbili ni zangu, za akaunti nyingine. Ya tatu ni ya mama, ambaye hulaiki kila kitu, hata matangazo ya vifo. Mapozi, fundi mwenzangu hapa karakana ya mjomba, kaposti mguu wa stuli. Mguu tu! Watu mia nne wameupenda. Nikaukodolea macho mguu ule mpaka kifua kikabana. Leo macho yalikuwa kwenye simu, nikapiga stapla kitambaa upande wa ndani nje. Mjomba kasema nikiharibu kazi nyingine kwa sababu ya simu, nifungashe virago nirudi kwa mama. Hakupaza sauti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumanne, 3 Juni
Nimejitibu. Kwanza nimeposti kwamba naiaga mitandao kwa ajili ya afya ya akili yangu, na picha nikitazama dirishani kwa huzuni. Kisha nikachimba shimo kwenye sponji ya kochi jekundu, lile linalokula vumbi kwenye kona bila mnunuzi, nikaifukia simu humo na kushona juu. Mshono wa siri, hata mjomba hauoni. Sikuizima, nimeondoa mlio tu, mtetemo nimeuacha. Kuizima ni kuwakosea adabu wafuasi. Najisikia mwepesi. Nimekula nikamaliza sahani. Najiuliza tu wangapi wamenisifu.

Jumatano, 4 Juni
Nimelala fofofo! Nikafika kazini napiga mluzi. Kochi hakuna. Mjomba, meno yote nje, kasema limenunuliwa na mshauri nasaha wa mtaa wa pili, yule anayewahudumia vijana waliovurugwa vichwa na mitandao. Mapozi, aliyelipeleka, kasema lilikuwa linanguruma njia nzima, labda springi. Mpumbavu. Kochi lile halina springi.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekwenda kama mgonjwa, mkasi ndani ya soksi. Mshauri ni mama wa makamo, mpole. Kanikaribisha kwenye kochi langu mwenyewe. Kauliza moyo hunienda mbio wakati gani. Kochi likatetemeka. Nikakohoa. Likatetemeka tena, nami nikajikuta nasema kweli tupu: ni pale ninapoona wenzangu wakisifiwa, najiona si lolote si chochote. Machozi yakanitoka. Hayo sikuyapanga. Kauliza ni lini mara ya mwisho nililala vizuri. Nikamjibu, juzi. Kauliza juzi simu ilikuwa wapi. Nikatazama dari, maana nilikuwa nimeikalia.

Akatoka kuniletea maji. Nikachana kitambaa haraka haraka. Nikafungua simu nione sifa zangu. Hakuna hata moja, ila laiki ya mama. Mitetemo yote ilikuwa ya mama, akiuliza kama nimekula. Mshauri akarudi na glasi, akanikuta mkasi mkononi, sponji magotini, nalia.

Ijumaa, 6 Juni
Kochi limerudishwa. Nilijua mwisho wangu umefika. Kumbe mshauri alishaniombea kwa mjomba, kasema kijana hana ubaya, kichwa kimechoka tu, na kila Alhamisi nipelekwe kwake. Mjomba hakunifukuza. Kanipa sindano nishone mwenyewe, lakini kwanza nimpigie mama. Nimempigia. Nimemwambia nimekula. Moyo umetulia kabisa, na nimeelewa kwamba sihitaji kusifiwa na watu nisiowajua.

Nikaliposti hilo, pamoja na picha ya kochi lililochanika. Hadi saa nane, laiki moja. Ya mama. Mapozi naye kaniposti mimi nikishona, mgongo tu, hata uso sina. Mia saba! Mgongo wangu!

Kifua kimebana tena. Nimeirudisha simu kwenye sponji, mahali pale pale. Kochi linarudi kwa mshauri kesho asubuhi, na Alhamisi si mbali. Safari hii nimeweka zipu.