Nilivyozaliwa Alhamisi Mjini Mandalay

Jumatatu, 2 Desemba
Tumefika Mandalay na basi la mahujaji kutoka kwetu Pyay. Mahekalu tisa kwa siku nne. Wenzangu wamefuata thawabu; mimi nimemfuata mjane Mya Pwint, mwenye kibanda cha chai. Balaa: kwetu kila siku ya kuzaliwa ina mnyama wake, na ndoa hupimwa kwa wanyama hao; yeye kazaliwa Alhamisi, siku ya panya. Mimi Jumamosi, siku ya joka. Nani atamwoza panya kwa joka? Na Mwalimu mstaafu Sein Hlaing, wa Jumanne, siku ya simba, mwenye meno yote kinywani, kamkalia ubavuni safari nzima. Nimekwisha!

Jioni. Sijaisha. Nimemwambia mimi pia ni wa Alhamisi, wazazi walikosea tu kunipa jina la waliozaliwa Jumamosi. Ametabasamu!

Jumanne, 3 Desemba
Hekaluni kila mtu akaenda kona ya siku yake kukimwagia maji kisanamu chake. Nikachuchumaa kona ya panya, bega kwa bega na Mya Pwint. Vikombe sitini na tatu, kimoja kwa kila mwaka wa umri wangu. Raha! Ghafla dada yangu Tin Nwe akapaza sauti, ua mzima ukasikia: “We kaka, umepotea? Joka lako liko huku, linakufa kiu!”

Mahujaji hoi kwa kicheko. Nikamnong'oneza mjane kwamba dada kazeeka, anachanganya mambo. Dada ni mdogo wangu kwa miaka minane.

Jumatano, 4 Desemba
Kilima cha Mandalay. Ngazi elfu moja na mia saba, miguu peku. Magoti yananililia. Mwalimu alipanda kama mbuzi, tena kambebea mjane kikapu. Ikabidi nitie mkazo. Mbele ya sanamu ya Budha anyooshaye kidole kuelekea mjini, nikakutanisha viganja, nikaapa kwa sauti: nilizaliwa Alhamisi. Mya Pwint akageuka, akaanza kushuka ngazi. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 5 Desemba
Hakuguswa. Asubuhi, tukinywa supu ya samaki na tambi, aliniambia polepole: “Kaka Tun Shein, marehemu mume wangu alikuwa wa Jumamosi. Miaka thelathini, hata sahani hatukuvunja. Nilikuwa nakungoja useme kweli tu. Lakini kumdanganya Budha mchana kweupe, na viatu umevua kabisa!”

Akahamia meza ya Mwalimu. Mwalimu akammenyea chungwa. Supu ikanipolea mbele yangu. Alikuwa ananingoja! Mimi! Heri ningebaki Pyay nikafa na upweke wangu, kuliko kulijua hilo.

Ijumaa, 6 Desemba
Nyumbani. Sijala tangu jana. Lakini nimewaza. Mwanamke aliyeudhika hulainishwa na toba. Kesho nanyoa kichwa, naingia utawani kwa siku saba, kama desturi yetu inavyoruhusu. Kila asubuhi nitapita kibandani kwake na bakuli la sadaka, kimya, macho chini, naye itabidi apige magoti kuniwekea wali. Mtawa mkuu akiniuliza kilichonileta, nitasema nimeichoka dunia.