Hotuba ya Uzinduzi wa Mpango wa Karibu Ubaki

Mheshimiwa Meya wa Pelham Falls, pamoja na mkufu wako wa cheo, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wafanyabiashara, Mchungaji, nahodha wa timu yetu ya magongo ya barafuni, ambaye goti lake tunaliombea, wazee wa kabila la Wakri, wenye ardhi hii tangu asili, ambao tunawakumbuka mwanzoni mwa kila hotuba na kuwasahau salamu zikiisha, wadau wote, na ninyi ndugu zetu wageni mliosimama kule nyuma kwenye makoti: habari za asubuhi. (Makofi. Kipaza sauti kinakoroma.)

Mimi, Gordon Lathbury, Naibu Waziri wa Vipaji, Makazi na Mambo Yanayofanana na Hayo katika jimbo hili la tambarare za Kanada, nimepita theluji yote ile, dereva wangu akiwa shahidi, ili kuwaambia kwamba nchi yetu haimbagui mtu. Inampima. Umri una alama zake, shahada ina zake, Kiingereza kina zake, kazi ina zake. Zikishajumlishwa, aliye juu ya mstari huitwa abaki daima, na aliye chini husubiri mstari ushuke, nao mstari, kama mnavyoujua, hupenda kupanda. (Miguno kule nyuma.)

Mizani hii haina upendeleo. Juzi nilijipima mwenyewe nikashindwa vibaya, jambo linaloonyesha jinsi ilivyo kali, na jinsi taifa lilivyobahatika mimi kuzaliwa humu humu. Babu yangu alitoka Uskoti hana cheti wala soksi nzima, na babu za wazee hawa wakampa samaki na blanketi bila kumuuliza alama hata moja.

(Mzee mmoja wa Kikri: "Na tumejifunza!" Kicheko kirefu.)

Asante, mzee, kwa mchango huo. (Mwanamke aliyevaa sare ya makao ya wazee anainua mkono.) Naam, dada. Jina lako? Marivic Dumalagan, anasema, muuguzi kutoka Ufilipino, ambaye hapa kwetu anawaogesha wazazi wetu huku vyeti vyake vikichunguzwa. Sema, dada, kwa ufupi kama mimi.

("Mheshimiwa, mtihani wa Kiingereza nimefaulu, ukapita muda wake, nikaufanya tena, nikafaulu tena. Lakini Jumanne nimetimiza miaka arobaini na mitano, na alama zangu za mwisho za umri zimekwenda. Kibali changu cha kazi kinaisha mwisho wa mwezi. Nimebaki na huu mpango wenu tu. Maombi napeleka wapi?")

Arobaini na mitano! Jamani, kumbe tuna sikukuu ya kuzaliwa! Haya, tumwimbie! (Meya anaanza kuimba peke yake. Kule nyuma hakuna anayefungua kinywa. Gurnam Sandhu, mhandisi anayeendesha lori: "Bwana mkubwa, sisi siku hiyo tunapeana pole.")

Unyenyekevu ulioje! Basi sikilizeni. Kupitia Karibu Ubaki, jimbo litamteua kila fundi na mtaalamu linayemhitaji, limpe alama za nyongeza kwa wingi, hata umri usifurukute. Utafiti wetu wa kina umebaini kwamba asilimia tisini na nane ya watakaonufaika watanufaika, na asilimia mbili zilizobaki watanufaika zaidi. (Makofi mbele.)

(Marivic: "Dirisha la kupokelea maombi, Mheshimiwa. Dirisha liko wapi?")

Nakuja huko, dada, usiukimbize mchakato. Dira tunayo. Mkakati tunao. Kamati ya kuusimamia mkakati imekwisha kula chakula cha mchana mara kadhaa.

(Sandhu: "Dada Marivic, kaa chini, miguu itakuuma." Marivic: "Nikikaa watanisahau.")

Sasa nyote! Kipaji! (Mbele: "Karibu!") Jasho lako! ("Letu!") Mgeni leo! (Mbele: "Mwenyeji kesho!" Kule nyuma: "Mgeni kesho!")

Nikimalizia, namshukuru Meya kwa ukumbi, na mchoraji kwa bango zuri. Nawashukuru kwa namna ya pekee maofisa sita wa Karibu Ubaki, ambao hawapo nasi, kwa kuwa tangazo la kazi yao lilidai uzoefu wa hapa nchini wa kuendesha Karibu Ubaki, na hadi leo hajapatikana aliye nao; bila maofisa, hazina haikuona sababu ya kutenga fedha, na bila fedha, sisi hatukuona sababu ya dirisha. (Marivic bado amesimama.)

Na wewe, dada Marivic, nakushukuru kuliko wote, maana umetuonyesha kiu iliyopo. Mwisho wa mwezi panda ndege ukiwa kifua mbele. Siku tutakayoanza, wa kwanza kufikiriwa ni watu kama wewe, na sharti litakuwa moja tu: mwombaji awe anaishi hapa.