Chupa ya Kahawa kwa Msimamizi

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu kapiga simu. Nisipofika harusi ya binti yetu Jumamosi hii, mdogo wangu atasimama mahali pangu. Yule! Hata kufunga tai hajui. Nimemwomba msimamizi ruhusa. Kaguna tu, anasinzia juu ya mifuko ya saruji. Basi, kaninyima.

Jumanne, 5 Machi
Tunapiga plasta chuoni, nje ya darasa la ubongo. Madirisha hayajatiwa vioo, kwa hiyo nasoma bure. Mwalimu anasema seli za ubongo zina vipokezi, na viwili hukaa bega kwa bega kama wapangaji. Kimoja hupokea uchovu. Kingine hupokea dopamini, ile inayomfanya mtu atake jambo na kuliendea mbio. Cha uchovu kikishiba humwegemea jirani, jirani akawa nusu kiziwi. Kahawa huja ikakalia kiti cha uchovu. Jirani anapumua!
Kumbe msimamizi hana roho mbaya. Ana jirani mbaya.

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea kahawa nzito, chupa nzima. Fundi rangi, ninayeishi naye chumba kimoja, kanipigia shikamoo, eti daktari wa ndoo. Acheke! Mpaka mchana macho ya msimamizi yalikuwa yanawaka. Nikajisemea, mwache aive, kesho namwomba tena.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Kaiva kupita kiasi. Sasa anataka, tena anataka kweli: ghorofa ya tatu iishe Jumapili. Hakuna kuondoka mtu. Anapanda ngazi akiimba!
Fundi rangi hayupo, alishakwenda kwao alfajiri. Naye aliomba ruhusa Jumatatu, naye akaguniwa vilevile. Yeye ule mguno akauhesabu ndiyo.

Ijumaa, 8 Machi
Nimemvizia mwalimu mlangoni, nikamlaumu. Kasema, mzee wangu, dopamini haimpandikizii mtu nia yako wewe. Inasukuma ile aliyonayo. Si angesema Jumanne!

Jumamosi, 9 Machi
Nimekoroga zege kutwa. Binti kapiga simu akilia, kasema baba mdogo alisimama, tai shingoni kama kamba ya mbuzi. Mama yake hataki hata kupokea simu yangu. Lazima niende nikaombe radhi, na ruhusa ni ileile kwa mtu yuleyule.
Nimewaza sana. Kosa nimeliona: sikutia sukari. Kesho namwekea ya kutosha, na chupa ya pili namnywesha mhandisi, mkubwa wake.