Mjane Mwenye Masharubu

Jumatatu, 3 Machi

Jana tulikula kwa mama mkwe. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, fundi simu, akatangaza kwamba ameng'oa ule mfumo wa kuendeshea kompyuta yake, wa kununua, na kuweka mfumo huria: wa bure, kila mtu ruhusa kuufungua ndani na kuurekebisha. Mama mkwe akasema huyo ndiye kichwa cha familia. Aliposema "kichwa" alinitazama mimi.

Nikasema mfumo huo ninao mwaka wa pili sasa. Shemeji akafurahi mno. Akaniomba Jumapili ijayo, siku ya kuzaliwa ya mama, nije na kompyuta auone.

Sina. Sijui hata unaingilia wapi. Kumuuliza shemeji? Afadhali nilambe sakafu.

Jumanne, 4 Machi

Kumbe mtandaoni kuna jukwaa ambako wajuzi huwasaidia watu kuweka mfumo huo, bure kabisa. Watu wa ajabu. Nimejiandikisha kama Simba wa Mitambo, na picha yangu ile nzuri, ya masharubu. Nikaandika: mimi ni mtaalamu, nataka tu kuwapima, elezeni hatua zote kuanzia kuwasha.

Mmoja anayejiita Kofia ya Bluu akauliza kwa adabu kompyuta yangu ina kumbukumbu kiasi gani. Nikamjibu kumbukumbu yangu haina kasoro, amuulize mke wangu. Mpaka jioni sijapewa hatua hata moja.

Jumatano, 5 Machi

Wazo limenijia nikijipaka sabuni. Mjane! Nani atamnyima mjane?

Akaunti ya pili: Mama Upole, mjane, anataka kuwaandikia wajukuu. Majibu yakamiminika. Ili kuwachochea zaidi nikarudi kama Simba, nikamshauri Mama Upole aitikise kompyuta kwanza mpaka ilegee. Watu wana uvivu wa kufundisha, lakini kusahihisha wanaacha chakula mezani. Hatua zote nimezipata.

Hasara moja. Simba kafukuzwa jukwaani kwa kumsumbua mjane. Nilimtetea kwa akaunti ya Mama Upole, wakasema huyu mama ana roho ya peke yake. Nimelala na uchungu.

Alhamisi, 6 Machi

Flashi yenye mfumo mpya iko tayari. Kofia ya Bluu akamuuliza Mama Upole kama amehifadhi nakala ya vitu vyake mahali pengine. Nikajibu ndiyo, mwanangu. Hakika yake sikumsoma vizuri, nilikuwa na haraka.

Kompyuta ikauliza: niuweke mfumo mpya kando ya ule wa zamani, au nifute diski yote? Futa yote. Mimi si mtu wa nusunusu.

Imekubali! Inang'aa. Nimekaa mbele yake kama bwana harusi.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya. Asubuhi mke wangu akaniomba sauti ya baba yake. Marehemu alirekodiwa akisimulia alivyofukuzwa na bata mzinga mpaka juu ya paa la posta, anacheka hadi maneno yanampotea. Mke wangu anataka kesho mama yake aisikie. Nakala ilikuwa moja tu. Kwenye kompyuta yetu.

Nikamwambia aiache kompyuta ipumue kidogo. Katika nyumba ya mama mkwe, mzee yule peke yake ndiye aliyekuwa akicheka utani wangu.

Nikakimbilia jukwaani, Mama Upole akilia, na safari hii hakuigiza. Kofia ya Bluu akajibu papo hapo: zima mashine, usihifadhi kitu, kilichofutwa bado kimo mpaka kitu kingine kikae juu yake. Wenzake wakajaa. Huyu kanielekeza programu ya kufufua mafaili, yule kanifundisha kuiwasha kutoka flashi nyingine. Mmoja akaomba picha ya skrini. Nikapiga kwa simu, nikatuma.

Mara mtu akauliza mbona mjane ana masharubu.

Skrini ilikuwa nyeusi, ikiakisi kama kioo. Nimo mzimamzima, na fulana iliyotoboka. Mwingine akaitambua sura: si Simba huyu? Matusi yakaanza. Nilitaka kuizima simu na kuhama nchi.

Ndipo Kofia ya Bluu akaandika: "Mjane au masharubu, sauti ya marehemu ni ileile. Tuendelee."

Wakaendelea. Alasiri faili likaibuka, jina limepotea, limejibanza kati ya picha za viatu nilivyoshindwa kuuza. Nikabonyeza. Bata mzinga. Kile kicheko.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa mlangoni.

"Unalia," akasema.

Nikasema ni vumbi. Akaketi kando yangu, tukasikiliza mpaka mwisho, kisha tukarudia.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaifuta muda mrefu. Akauliza ni nani aliyeitunza sauti ile. Mke wangu akanitazama mimi. Basi nikaeleza, kwa unyenyekevu: kompyuta ilijifuta yenyewe, nikairudisha peke yangu. Shemeji akataka kujua kwa njia gani. Nikamwambia ni ya kitaalamu sana, atachanganyikiwa.

Mama mkwe akasema kumbe vichwa viko viwili.

Jumatatu, 10 Machi

Kichwa kimeitwa kazini. Mama mkwe ana kompyuta ya zamani yenye picha za ukoo mzima, naye sasa anautaka mfumo huria. Akauliza kama tuzinakili picha kwanza mahali pengine. Nikamwambia nakala ni za waoga, mama, mimi najua kurudisha.

Jukwaani nimeingia kama Padri Mstaafu. Nani atamnyima padri?

Mama yuko jikoni ananichemshia chai. Nimechagua kufuta diski yote. Skrini inauliza kama nina uhakika. Mashine hii haijui inaongea na nani.