Valerian wa Kasense na Mlio Uliopanda

Sogeeni, enyi watu wa Kasense na Mollo, nanyi mpitao na bodaboda zimeni injini, mpate kusikia habari za Valerian mwana wa Teodori, mwenye kompyuta iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, ambaye peke yake, pasipo upanga wala chakula cha mchana, alipigana na spika.

Spika hiyo aliiunda kwa mikono yake, na amplifaya akaitia tumboni mwake; ila ilikoroma mno, maneno yakazama. Naye bibi yake Silvana, mwenye masikio mazito, miaka yote alikwenda harusini akacheka wakishacheka wengine, asijue kilichosemwa. Jumamosi ilikuwa harusi ya Leonia, dada yake Valerian, na shujaa alikwisha kuapa mbele ya ukoo kwamba safari hii bibi atasikia. Haya, kuapa ni rahisi.

Akaandika programu ya ajabu: hutoa mlio upandao toka mngurumo hadi ukali wa filimbi, huusikiliza kwa maikrofoni, hujua penye kasoro, kisha huiamuru chipu iliyomo ndani ya spika irekebishe. Ilitaka utulivu tu. Akaungoja upepo wa Ufipa utue, akaingoja mashine ya kusaga izimwe, akabonyeza. Mlio ukapanda, ukapanda, ukafika kileleni. Na loo, ng'ambo ya ua Mama Rosina, ajuaye kwamba hapa pana harusi, akaupokea kwa kigelegele, na nyumba ya pili yake ikaitikia.

Programu, kwa kuwa haijui mambo ya harusi, ikadhani vigelegele ni maradhi ya spika, ikaikaba koo. Valerian alipoijaribu, ikasema kama mtu mwenye ugali mdomoni. Shangazi Coleta, jemadari wa kamati, akatamka kwamba hali ikiwa hiyo hiyo hadi jioni, atamwita mwenye muziki wa mjini, yule ambaye besi yake hutikisa sufuria.

Shujaa akaenda kwenye ua, akatoa shikamoo, akahutubu kwa kirefu, akisihi wanyamaze kidogo kwa ajili ya sayansi na kwa ajili ya bibi.

"Tunyamaze penye harusi?" akauliza Mama Rosina. "Kwani mmefiwa, mwanangu?"

Shujaa akarudi kwenye kompyuta yake. Akaketi juu ya gunia la mahindi, akawaza. Kisha, enyi mnaosikia, akafuta mstari mmoja wa programu akaandika mwingine, mlio uanze juu, ushuke. Akabonyeza. Mama Rosina akafungua kinywa, lakini mlio ukalegea, ukazama, ukaishia kwenye mngurumo, naye akakifunga taratibu.

"Pole, baba," akasema kwa huruma ya kweli, kila kitu kilipokwisha kupimwa. "Imekufa?"

Haikufa. Jumamosi ukumbini Leonia alipewa maikrofoni awashukuru wazazi, na kabla hajaanza akamnong'oneza mumewe Jastin: "Viatu vinaniua." Mnong'ono ule ukatoka mzima, ukavuka ukumbi hadi kiti cha nyuma kabisa.

"Vivue, mjukuu wangu," akaitika Bibi Silvana. "Nani anakuangalia miguu?"

Leonia akavua viatu, na Mama Rosina akapiga kigelegele, wala hakuna aliyemwomba anyamaze. Basi wajue wa leo na watakaozaliwa kesho: siku ile ukumbi mzima ulicheka, na bibi ndiye aliyeanza.