Mgomo Uliopata Kumi na Tatu kwa Ishirini

Jumatatu, 14 Julai

Fomu ya kuhuisha leseni ya ualimu imefika. Kurasa nne. Nimeisoma mara tatu. Kifungu cha Sita: mkuu wa shule athibitishe kwamba mwalimu hajazungumza siasa mbele ya wanafunzi wala kuwachochea. Sina wasiwasi. Kifungu cha Saba: utumishi wa kipekee. Hapo ninao. Miaka kumi na mmoja ya kufundisha Kiswahili katika shule hii ya mtaa wa Rhonda, na sina cha kuandika ila kwamba sijawahi kuchelewa.

Kiptum, mwalimu wa hesabu, amekwisha kujaza kifungu chake. Timu yake ya voliboli ilifika fainali za kaunti. Aliniuliza mbele ya walimu wote kama siku hizi kuna kikombe cha kuwahi kazini. Wakacheka. Hata Kamande wa jiografia, ambaye hucheka mara moja kwa muhula.

Fomu zinaondoka Jumatano ya wiki ijayo kwenda kwa Tume inayotoa leseni. Bila sahihi ya mkuu wetu, Madam Jepleting, hakuna leseni. Bila leseni, hakuna darasa.

Jumanne, 15 Julai

Bahati! Mimi ndiye mtunza ufunguo wa sanduku la maoni. Kwa kawaida hukuta humo maganda ya miwa. Leo nimekuta karatasi ya kidato cha nne, mwandiko wa Fancy Nanyama, kiranja wa darasa. Ijumaa shule nzima itagoma. Sababu: kila Ijumaa mheshimiwa mmoja anayetafuta kiti huletwa gwarideni kuhutubu. Wanafunzi husimama juani kwa saa mbili, na githeri, mahindi na maharagwe yao ya mchana, hupoa. Wanauliza kwa nini mwalimu akitaja siasa anahatarisha leseni yake, ilhali mwanasiasa hupewa maikrofoni. Swali halina kasoro. Nakiri.

Mpango wangu ni huu. Ninyamaze hadi Alhamisi. Kisha nifungue sanduku mbele ya Madam, nishtuke kwa kiasi, niuzime mgomo kabla haujawaka. Kifungu cha Saba kitajaa chenyewe! Nimefanya mazoezi ya kushtuka mbele ya kioo. Nyusi ya kushoto ni nzito kidogo.

Karatasi nimeihifadhi mkobani, pamoja na insha arobaini na tatu za kidato hicho hicho.

Jioni. Insha zote nimezisahihisha kwa mkupuo mmoja. Arobaini na nne. Bila shaka nilihesabu vibaya mwanzoni.

Jumatano, 16 Julai

Nimerudisha insha. Fancy alipokea rundo, akaanza kugawa, akasita kwenye karatasi moja. Akaniuliza kama kweli wairudie. Nikamjibu kwamba nikiandika “rudia” huwa namaanisha rudia. Akauliza, polepole, kama airudie peke yake au wote. Nikasema kazi nzuri hufanywa kwa ushirikiano. Kisha Travis, wa dawati la nyuma, akatamka, “Mwalimu, kumbe wewe ni noma!” Nikamwonya kuhusu lugha.

Sijawahi kuona ari kama hii ya kufanya masahihisho. Walibaki darasani hata wakati wa michezo. Kiptum alizunguka uwanjani na mpira kwapani, hana mchezaji hata mmoja. Siku njema.

Alhamisi, 17 Julai

Nilifungua sanduku mbele ya Madam. Kiptum nilimwalika awe shahidi, ili aumie kwa karibu. Ndani: maganda ya miwa, kwani karatasi nilisahau kuirudisha. Nikashtuka bila mazoezi.

Nikapekua mkoba. Hamna! Nikaeleza kwa mdomo kwamba kesho kuna mgomo, nimeusoma kwa macho yangu. Madam akauliza niliusoma lini. Nikasema Jumanne. Akavua miwani. Akataka kujua Jumanne na Alhamisi zinatenganishwa na nini, kama si mwalimu aliyenyamaza.

Kiptum akaokota ganda, akaligeuza kwenye mwanga. “Na hili, Profesa, linadai nini?”

Madam alisema wanafunzi wakigoma kesho, nitamwandikia yote niliyoyajua, na fomu yangu itasubiri.

Ijumaa, 18 Julai

Mheshimiwa aliwasili saa nne. Gwaride tupu! Wanafunzi mia nne walikuwa wameketi uwanjani, vitabu magotini, wakisoma. Hakuna jiwe, hakuna kelele. Hata mimi nisingewapanga vizuri zaidi.

Fancy akasimama na karatasi mbili. Akasoma ya kwanza. Kichwa chake: Masahihisho. Nikatega sikio. Jambo zito limetangulia. Kila dai lina mfano. Wamemnukuu hata mpishi wetu, Bi. Wangu: “Githeri haingoji siasa, hata kama ni ya mheshimiwa.” Hitimisho fupi, imara. Nikajikuta nikitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha akainua karatasi ya pili, juu kabisa. Wino mwekundu. Mwandiko wangu. Akasoma kila neno: “Hoja nzuri. Toa mfano. Dai la nne linajirudia. Mbona mnanong'ona? Simameni imara na hoja yenu. 13/20. Rudia.” Akamshukuru Mwalimu Khisa, yaani mimi, kwa mwongozo. Wakapiga makofi, mia nne.

Mheshimiwa akaniuliza nimetumwa na chama gani. Nikataja Chama cha Kiswahili, ambacho mimi ni mlezi wake. Hakucheka.

Madam ameitoa fomu yangu kwenye rundo na kuifungia drooni. Bodi itakutana Jumatatu. Shtaka: uchochezi. Githeri sikuigusa.

Jumatatu, 21 Julai

Kikao cha bodi. Mwenyekiti ni Mzee Kimeli, mkulima wa viazi kutoka Kuresoi. Aliuliza mtu anawezaje kusahihisha mgomo bila kujua ni mgomo. Nikaeleza kwamba mbele ya rundo simtazami mwandishi wala nia yake, natazama hoja. Akasema hata kiazi kibovu hutazamwa kabla ya kutiwa gunia.

Nikaona leseni inaondoka. Nikawaza nitafanya nini na miaka kumi na mitano iliyobaki kabla ya kustaafu. Sikupata jambo.

Ndipo Kiptum akaomba kusema. Nilijiandaa kuchinjwa. Akasema: “Wazee wangu, huyu amchochee nani? Akifundisha, hata nzi husinzia. Mwaka jana alitaka tuongezewe tangawizi kwenye chai, akatuandikia kurasa tatu. Hakuna aliyefika ya pili. Na mimi naipenda tangawizi!”

Bodi ikacheka. Travis akaitwa, akaapa kwamba mwalimu ni mtu wa amani na kwamba mgomo walikuwa wameshaupanga wenyewe. Mzee Kimeli akapangusa machozi na kutoa uamuzi. Shtaka limefutwa. Hotuba za Ijumaa nazo zimefutwa. Madam ametia sahihi fomu yangu hapo hapo. Nimeokoka.

Jumanne, 22 Julai

Nimeomba kumbukumbu za kikao, nikazisoma. Imeandikwa: “Bodi imeridhika kwamba Mwalimu Levis Khisa hana uwezo wa kumshawishi mtu yeyote kufanya jambo lolote.”

Hana uwezo! Uamuzi wa haraka, uliojengwa juu ya shahidi mmoja na tangawizi. Walioketi ni mia nne. Ni nani aliyewaambia wasimame imara?

Kiptum alinipa mkono langoni, akasema, “Profesa, tumekutoa motoni. Sasa tulia.” Nikamjibu kwamba sikuomba kutolewa kwa matusi. Akaondoka bila utani. Mtu huyu ana hila kuliko nilivyodhani.

Fomu zinaondoka kesho. Nimeiandikia Tume rufaa ya kurasa sita kupinga kufutiwa shtaka. Nathibitisha, hatua kwa hatua, kwamba mimi ndiye niliyewachochea wanafunzi wale, na kwamba hakuna mwalimu mwingine shuleni ambaye angeweza. Nimeibana kwenye fomu kwa pini mbili. Nimeipitia mara nne. Hakuna popote wanapoweza kunipinga.