Kibuyu cha Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1974
Mwaka wa pili tangu niiache Mambasa, kwetu Zaire, na leo Mungu amenikumbuka! Nilikuwa nafyeka nyasi kwa afande, Makindye, hapa Kampala. Mgongo umekufa. Alanyo, mpishi, akaniambia kwamba ule mti wa urembo, jamii ya mchikichi, wenye majani kama mikia ya samaki, uliachwa na Mhindi mwenye nyumba aliyefukuzwa nchini. Eti kwao Wahindi hugema pombe humo, hata sukari hupika.

Pombe! Mzee Katembo ameapa kwamba binti yake Julienne haolewi na mtu asiyeleta kibuyu alichogema mwenyewe, kama desturi ya msitu wetu. Pombe ya ndizi haitaki hata kuinusa. Saverio, askari wa getini, naye anamtaka Julienne. Mwacholi wa kaskazini, kusiko na michikichi, atagema nini? Bunduki?

Jumanne, 5 Machi
Nimepanda mtini! Nimekata kikonyo cha maua, kinadondosha ndani ya kibuyu changu! Matunda yaliyoning'inia kama shanga nimeyapukuta kwa mikono. Alanyo akapiga kelele kwamba maji yake yanawasha. Mtu wa kaskazini kama yeye anifundishe michikichi? Nikafuta jasho usoni.

Siafu! Uso mzima! Nikaruka chini, nikabingirika. Saverio akauliza, wewe Zaire, hiyo ni ngoma ya kwenu au umeokoka? Mshenzi. Siafu wenyewe sikuwaona. Wa Kampala wajanja.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wa afande ameuliza kibuyu ni cha nini. Nikasema mti una kikohozi, natoa makohozi. Akanisifu!

Nyuki wengi. Nimeziba mdomo wa kibuyu kwa matunda yaleyale, nimeyaponda vizuri.

Jumamosi, 9 Machi
Kibuyu kimeibwa! Nikakimbia hadi kwa Katembo, Nateete. Saverio alikuwa amefika nacho, akajisifu kwamba amegema mwenyewe, wakanywa. Nikawakuta midomo imevimba kama maandazi! Katembo hakuweza kutamka, akamwonyesha Saverio mlango kwa fimbo. Julienne alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikaapa sijawahi kupanda mti wowote. Uwanja ni wangu!

Jumapili, 10 Machi
Mti umenyauka. Mke wa afande amenifukuza kabla mumewe hajarudi. Mama mwema. Afande hafukuzi watu, huwapakia kwenye buti ya gari.

Si neno. Katembo ametamka tena, na neno la kwanza lilikuwa kibuyu. Pombe iliharibiwa na mikono michafu ya Saverio, ni wazi. Nyuma ya kanisa, hapa Nateete, nimeona mti mwingine wa mikia! Nyuki wa huko wakali, lakini matunda ya kuzibia ninayo, mfuko mzima. Pasaka narudi Mambasa, na Julienne.